Gari la Viti Viwili na Mbuzi wa Kupiga Hodi

Kama kuna maneno yaliyonichosha maishani, ni haya mawili: sogeya kidogo. Nimeendesha lori la viazi kati ya Kipese, Lubero na Butembo tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na sikumbuki safari hata moja niliyokaa peke yangu kwenye kabini. Kwetu gari halina mwenyewe. Washa injini tu, utamwona mama mwenye gunia la maharagwe, sista anayerudi misheni, mwalimu na mwavuli wake, na jamaa mwingine ambaye hata hasemi anakwenda wapi. Wote sala yao ni moja: sogeya kidogo, papa. Nimebadilisha gia huku goti la katekista likinibana upande mmoja na kapu la bata upande wa pili. Kuna siku niliendesha kutoka Lubero mpaka Butembo nimekaa nusu kiti, ile nusu nyingine imekaliwa na shangazi wa mtu nisiyemjua, na njia nzima alikuwa ananilaumu kwamba nina viwiko vikali.

Basi msinishangae. Nilipofiwa na mke wangu, watoto wakawa wameshika njia zao, nilimwachia lori mwanangu wa kwanza, nikafungua duka la vipuri Butembo. Moyo wangu ukaanza kutamani kitu kimoja: gari ambalo hakuna binadamu atakayeniambia nisogee, kwa sababu pa kusogea hapapo.

Nililikuta Lubero, siku niliyokwenda kutafuta viazi vya mbegu kwa bibi mmoja anayelima kwenye shamba ambalo zamani lilikuwa la Mzungu. Nyuma ya jiko lake, chini ya mabati yaliyooza, niliona boneti ndefu nyekundu imetoa pua nje. Nilisogeza majani. Lilikuwa gari la spoti la Kiingereza, la viti viwili, usukani upande wa kulia, na paa lake la turubai limebaki mbavu tupu. Ndani walikuwa wamejaa kuku.

"Iko nyumba ya kuku," bibi aliniambia. "Mbele, zamani ya Mzungu, ilikuwa gari."

Nilimwuliza kama angekubali kuniachia. Hakuulizia bei. Aliuliza, "Na kuku yangu italala wapi?" Tukaelewana kwamba nitamjengea nyumba ya kuku ya mbao na mabati mapya, naye atanipa ile ya zamani. Mtu anaweza kupata gari la Ulaya kwa urahisi hivyo, ikiwa tu amemkuta mwenye kuku. Lakini palikuwa na shida moja: kwenye kiti cha dereva kuku mmoja alikuwa ameatamia, na bibi hakutaka aguswe mpaka atotoe. Mvumilivu hula mbivu. Nikawa napanda Lubero kila siku ya soko kumwulizia hali yule kuku kama mtu anayemwulizia mgonjwa. Alinitazama kwa jicho moja, jicho la mwenye nyumba anayemtazama mpangaji. Vifaranga vilipotoka nilifurahi kuliko mama yao.

Tulilipandisha gari juu ya viazi, kwenye lori langu la zamani, likashuka Butembo mchana kweupe. Watu walijaa gereji. Nilidhani watasifu. Fundi wangu, ambaye ameshafufua malori ambayo hata wenyewe walikuwa wameshayalilia, alilizunguka mara kadhaa, akainama, akachungulia nyuma, kisha akaniuliza kwa upole:

"Papa, nusu ingine iko wapi?"

"Hakuna nusu nyingine. Njo hii yote unaona."

"Inabeba batu ngapi?"

"Babili," nilijibu, nikainua vidole viwili.

"Na mizigo?"

"Hapana."

"Sasa inafanya kazi gani?"

Nilikasirika. Nilimwambia aanze kazi na aache maswali.

Kulitengeneza ilikuwa kama kumvika marehemu nguo za majirani. Vipuri vya gari lile havijawahi kufika duka lolote la Butembo, hata langu. Kabureta tuliazima kwenye pampu ya maji. Breki zilitoka kwenye basi dogo, zikakatwa kwa msumeno. Taa moja ni ya pikipiki, ndiyo maana mpaka leo linatazama barabara kwa mashaka. Viti alivishona yule bwana anayeshona mito ya zile mbao za kupigia magoti kanisani, na alikuwa amebakiza velveti nyekundu. Vilipendeza mno; ukikaa unataka kuungama. Paa lilishonwa kwa turubai nene la pamba lililokuwa limefunika magunia ya chumvi kwenye lori miaka mingi. Nililinusa, nikaona si neno. Kumbe ni neno, tena kubwa, lakini tutafika huko.

Ikabidi niende Kasindi kuchukua mzigo wa duka. Niliporudi, nilikuta gari langu limesimama juu kama mtu aliyeona nyoka. Magurudumu yalikuwa chini, mwili uko hewani, na katikati ungeweza kupitisha nguruwe. Fundi alikuwa pembeni anajifuta mikono, uso umejaa furaha.

"Ilikuwa imezama, papa. Kuku zilikalia springi miaka na miaka. Nimeiwekea ya pick-up."

"Lilitengenezwa chini hivyo!" nilipiga kelele. "Wazungu wenyewe walilitengeneza chini!"

"Gari chini vile? Barabara yao haina majiwe?"

"Haina."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mzee aliyedanganywa na wajanja. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimejiandaa kabisa kuinama kila asubuhi kuingia kwenye gari langu. Sasa ilinibidi nipande, nishike mlango, niinue mguu. Nilinuna siku nyingi. Lakini sikumwambia azitoe zile springi, kwa sababu kwenye mashimo ya Butembo lilipita kila mahali, na ubishi wangu nao una mipaka.

Mtu niliyetaka kumwonyesha gari lile alikuwa mwanamke mmoja wa mji wa Beni. Ni mjane kama mimi. Ananunua kakao kwa wakulima na kuianika mbele ya depo yake, na nilimfahamu nilipokuwa nikipeleka vipuri huko. Ana kicheko kinachoanza kabla hujamaliza mzaha wako. Nilimpenda. Nasema wazi, kwa sababu kwa umri wangu huu sina tena muda wa kuzunguka mbuyu.

Nilifika Beni na paa limefunguliwa, vumbi limenipaka kila mahali, nikasimama mbele ya kakao yake. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Alilizunguka gari, akapapasa velveti, akasema, "Oh, kama kwa askofu!" Nikamfungulia mlango. Hapo akasimama.

"Mama yangu akitaka kuya naye, atakaa wapi?"

"Atakuya na moto," nikasema, nikionyesha pikipiki iliyokuwa ikipita.

"Na mutoto ya kaka yangu?"

"Moto ingine."

"Donc, basi, weye utatembea mbele peke yako, sisi wote tunakufuata na mamoto?"

Alisema akicheka bado, lakini aliufunga ule mlango polepole, kwa mikono miwili, kama anayefunga chumba alimolala mtoto. Na tangu siku hiyo, kila nilipofika Beni, alikuja kusimama kando ya gari, akaweka mkono juu ya mlango, tukaongea mpaka jua likageuka. Hakuwahi kukaa ndani. Nilijifanya sioni. Niliona sana, na iliniuma.

Nilipotuma habari kwao kwamba nataka kuoa, kaka yake mkubwa aliniita. Ndiye mkuu wa familia tangu baba yao alipofariki, mtu mnene, mtulivu, mzee wa kanisa la Kiprotestanti, asiyepoteza neno. Alinipa kiti, akanipa chai, akatazama gari langu lililosimama uani limeinua tumbo.

"Mutu mwenye kununua gari ya viti viwili," akasema, "ashamaliza kuhesabu batu yake."

Nilikunywa chai yangu, na ilikuwa bado inaunguza. 

"Bon," akaendelea. "Utatuletea mbuzi ya kupiga hodi, sawa vile kila mutu. Lakini ikuye ndani ya ile gari. Si mu lori, si ku moto. Tuone kama ni gari. Kisha tutamuuliza dada yetu."

Nikajua maana yake. Kama mbuzi hatafika, au akifika na yule mjane aseme arudishwe, mambo yamekwisha, na pale Beni sitakuwa na sababu tena ya kusimamisha gari mbele ya kakao ya mtu.

Sasa angalia ugumu wake. Kwetu mwanaume haendi kujiombea mke, hata akiwa na mvi na wajukuu. Anakwenda na mzee wa upande wake, huyo ndiye anayesema, na muoaji anakaa kimya akitazama chini kama mtoto aliyevunja chungu. Mzee wangu ni baba mdogo, ndugu wa baba yangu, ambaye ana suti moja ya kahawia ya shughuli hizo na tumbo la kuijaza. Msemaji hafiki kabla ya mbuzi, wala mbuzi hafiki kabla ya msemaji. Wanabisha hodi pamoja. Mimi lazima niendeshe, kwa sababu hakuna mwingine Butembo aliyezoea usukani wa kulia. Viti ni viwili. Nilipokuwa mdogo tuliulizana kile kitendawili cha mtu anayevuka mto na chui, mbuzi na majani, na mtumbwi unabeba kimoja kimoja. Sikujua kwamba nitakuja kukiishi.

"Mbuzi akae kwenye magoti yako," nilimwomba baba mdogo.

"Mi niko musemaji," alijibu, "hapana muchungaji."

Shauri likakatwa hivi: mbuzi atapanda gari, baba mdogo atapanda taxi moto mbele yetu. Asubuhi tuliondoka Butembo. Mbele anatangulia mzee mwenye suti ya kahawia amemkumbatia mwendesha pikipiki, kofia ameishika kwa meno, na nyuma yake gari jekundu la Kiingereza lenye mbuzi dume amekaa kwenye velveti, amefungwa mkanda, ndevu zake zinapeperuka. Watu waliacha maduka. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba.

Kwenye kizuizi cha wanajeshi tulisimama. Baba mdogo alipitishwa, mimi nikazuiwa. Askari alikuja upande wa kushoto, kwa sababu kwetu dereva anakaa kushoto, na alikuwa bado anaandika kitu kwenye simu yake.

"Chauffeur, documents," akasema bila kuinua macho.

Mbuzi akamtazama. Askari akarudia kwa ukali, akanyoosha mkono ndani ya dirisha, na mbuzi akaulamba. Ndipo alipotazama.

"Nzambe! Chauffeur aza ntaba!" alipiga kelele kwa Kilingala: Mungu, dereva ni mbuzi!

Wenzake wakaja mbio. Nilipunga mkono upande wangu. "Chef, niko huku."

"Papa, unafanya nini ku kiti ya convoyeur?" akauliza, akidhani mimi ni utingo.

"Njo kiti ya chauffeur, chef. Volant iko huku," nikasema, nikigonga usukani.

"Na hii?"

"Njo mbuzi ya dot, ya mahari."

"Na ule mukubwa ya costume, ku moto?"

"Njo musemaji yangu."

Alifikiri kidogo, akageuka kumwangalia baba mdogo aliyekuwa anatungoja kwa mbali, ameshikilia kiuno.

"Donc mbuzi iko mu gari, na mukubwa iko ku moto."

"Ndiyo, chef."

"Pita, papa," akasema, akitikisa kichwa. "Libala ya malamu, ndoa njema." Akapiga saluti, na mpaka leo sijui kama aliipiga kwangu au kwa mbuzi.

Nilikuwa bado nacheka peke yangu wakati wingu lilipotufikia. Nilisimama kuvuta paa. Hapo ndipo nilipokumbuka chumvi. Paa lilikuwa limekunjwa nyuma ya viti, na tangu tulipotoka Butembo yule mbuzi alikuwa amegeuza shingo nikadhani anaangalia nchi. Alikuwa anakula. Alikuwa amekula kona, akala mshono, akaendelea mpaka katikati. Nilipolivuta paa juu ya vichwa vyetu, palikuwa na tundu ambalo sufuria ya ugali wa watu kumi ingepita, na kutoka kwenye ndevu zake zilining'inia nyuzi za pamba. Mvua ikaingia. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamtukana kwa Kinande, yeye akacheua.

Mbele kidogo nikamkuta baba mdogo amesimama ukingoni mwa barabara, suti imemgandama, kofia imelegea mpaka masikioni. Gurudumu la pikipiki lilikuwa limepasuka na mwendeshaji alikuwa ameshaanza kuisukuma kurudi alikotoka. Baba mdogo alikuja moja kwa moja kwenye gari. Alifungua mlango wa kushoto, akamtazama mbuzi usoni, akamwambia:

"Sogeya kidogo."

Nilihisi kama mtu aliyekimbia mbali sana akajikuta mlangoni kwake. Aliingia, tumbo kwanza, mbuzi akabanwa katikati yetu na pembe moja ikawa kwapani kwangu. Gari likashuka. Springi za pick-up ziliguna, zikainama, na kwa mara ya kwanza tangu lifike kwetu likawa chini kabisa, kama Waingereza walivyolitaka. Niliendesha hivyo mpaka Beni, nimekaa nusu kiti.

Tuliingia uani kwao mvua ikiwa inakatika. Familia yote ilikuwa kwenye baraza: kaka mkubwa katikati, mama yao mzee kwenye kiti chenye mto, wajomba, shangazi, watoto wamejaa madirishani. Mjane wangu alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, amevaa kitenge kipya, na hakuwa anacheka. Baba mdogo alishuka, maji yakimtoka mikononi. Mbuzi alipopata nafasi akajinyoosha kwenye velveti na kukataa kushuka. Wanaume wa nyumba walimvuta, akalia kama mtu anayeibiwa. Ikabidi mimi nibaki ndani ya gari nimeshika kamba yake, asimalizie paa, na hivyo ndivyo nilivyohudhuria posa yangu: kwenye usukani, kimya, natazama chini, mbuzi kando yangu.

Baba mdogo alisema vizuri, nampa haki yake. Alisema sisi ni watu wa Butembo, tumekuja kutafuta kaa la moto kwa jirani. Alisema mvua ni baraka, ingawa alipiga chafya mara mbili kabla ya kulimaliza neno baraka. Kaka mkubwa alishuka ngazi, akaja, akalichungulia gari kupitia tundu la paa.

"Nilisikia inabeba babili," akasema. "Naona bamefika batatu."

"Gari ni batu," baba mdogo akajibu haraka, kana kwamba ndiye aliyelinunua.

Kaka akarudi barazani, akamgeukia dada yake kama desturi inavyotaka, mbele ya wote. "Dada, mbuzi njo hii. Tuipokee ama tuirudishe?"

 Mimi sikuruhusiwa kusema. Niliogopa. Niliishika kamba ya mbuzi kama nilivyoshika usukani wa lori maisha yote. Niliwaza kwamba nimefanya kazi kubwa hii, kuku, fundi, springi, velveti, ili nipate mahali pa kukaa peke yangu, na kama atasema arudishwe, nitarudi Butembo nimepata kabisa nilichokitafuta.

Nilisikia hatua kwenye matope. Mlango wa kushoto ukafunguka, na aliyeufungua ni yeye. Alimtazama mbuzi, akatazama tundu la paa, na midomo yake ikaanza ile kazi yake ya kuzuia kicheko.

"Sogeya kidogo," akamwambia mbuzi.

Na yule mbuzi, aliyewashinda wanaume wote wa ile nyumba, akasogea. Mjane wangu akaingia, akakaa. Velveti ilikuwa imelowa, ikatoa maji mpaka kwenye kitenge chake kipya, naye hakujali. Barazani shangazi walianza kupiga vigelegele, lakini yeye aliinua mkono wanyamaze kwanza, akatoa kichwa nje.

"Mama!" aliita. "Kuya. Nafasi iko."

Mama yake akainuka, akashika fimbo, akaanza kushuka ngazi taratibu akisaidiwa na wajukuu. Mjane wangu akanigeukia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema na mimi.

"Papa, sogeya kidogo."

Nilisogea mpaka mlango ukanibana mbavu, nikaona bado haitoshi, nikasogea tena.